UZI: Roquefort, kijiji cha Ufaransa kilichokaa juu ya kifusi cha mlima na kinachoishi kwa upepo

MsafiriKafiri

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo vipi.

Mimi ni mtu wa jikoni. Naishi Montpellier, kusini mwa Ufaransa, na zamu yangu ni ya vitu baridi: saladi, nyama zilizokaushwa, sinia za jibini. Katika hizo jibini ipo moja haitaki kisu. Ukiitia kisu inanata, inamong'onyoka, na rangi ya ndani inapakaa sinia zima. Tunaikata kwa waya mwembamba uliofungwa kwenye kibao. Ni nyeupe kama nazi, lakini ndani imejaa mishipa ya bluu na kijani, na harufu yake... niseme tu kwamba siku ya kwanza nilimfuata mpishi mkuu kwa adabu zangu zote nikamwambia, "Chef, hii imeoza, niitupe?" Wale watu walicheka mpaka tunafunga jiko.

Inaitwa Roquefort. Tamka "Rokfoo", ile t ya mwisho achana nayo.

Baadaye nikagundua kwamba hilo ni jina la kijiji kwanza, jibini imefuata. Kijiji chenyewe, Roquefort-sur-Soulzon, kipo wilaya ya Aveyron na wakazi wake hawafiki 700. Mtaa mmoja wa Manzese una watu wengi kuliko hapo. Lakini kijiji hicho kimewahi kuandikiwa hati na mfalme, kimetungiwa sheria yake peke yake, na kimeingia kwenye ugomvi wa ushuru na Marekani. Mwezi wa saba nilipopata siku mbili za mapumziko nikamwambia mwenzangu wa jikoni mwenye gari, twende tukakione.

Sijaja kuongelea mapishi. Nataka kuongelea kijiji, maana kimenishinda akili. Nashusha kidogo kidogo, nikitoka zamu naendelea.

Nyundo_ya_Mbao

Nimeweka kiti hapa. Endelea mkuu.

binti_tandale

Kaka uzi bila picha ni chai 😂 lakini endelea, leo sina usingizi.

MsafiriKafiri

Picha nilipiga ila ndani ya mapango ni giza na simu yangu ni ya kizamani, zote zimetoka kama ukuta wa choo. Mtaniamini kwa maneno.

Tuanze na njia, kwa sababu bila njia hamtaelewa kijiji.

Kutoka Montpellier unashika barabara kuu ya A75 kwenda kaskazini. Mwanzo ni mizabibu tu kushoto na kulia. Ukipita Lodève milima inaanza kukubana, barabara inaparamia korongo linaloitwa Pas de l'Escalette, maana yake ni kama "njia ya kingazi", kwa sababu zamani watu walipanda hapo kwa ngazi kweli. Halafu ghafla korongo linaisha na unatokea juu, kama mtu aliyechungulia kwenye paa la nyumba. Hilo paa ndilo Larzac.

Larzac ni uwanda wa mawe ya chokaa, kati ya mita 600 na 900 hivi juu ya usawa wa bahari. Upepo, nyasi fupi, mawe yaliyochongwa na mvua mpaka yanafanana na magofu. Cha ajabu ni maji. Mvua inanyesha vizuri tu, lakini huoni mto hata mmoja huko juu. Chokaa imejaa nyufa na matundu, maji yakianguka yanazama moja kwa moja, yanakwenda kuibuka kama chemchemi mamia ya mita huko mabondeni. Kwa hiyo wachungaji wa kule walitengeneza malambo ya mviringo, wakayasakafia kwa mawe ili maji yasitoroke, wanayaita lavogne. Tulisimama kwenye moja. Limejengwa kwa mteremko mlaini kuelekea katikati, kondoo anaingia mwenyewe mpaka pale maji yalipofikia siku hiyo, anakunywa, anatoka. Hakuna bomba, hakuna ngazi. Nilikaa pale ukingoni nikavuta sigara yangu nikawaza aliyefikiria kitu hiki ni fundi.

Nchi kama hiyo hailimiki kirahisi. Inafaa kondoo, na kondoo wamekaa hapo tangu zamani sana. Karne ya 12 walikuja Watemplari, wale wapiganaji watawa wa vita vya msalaba, wakamiliki sehemu kubwa ya uwanda, na vijiji vyao vyenye kuta bado vimesimama. Mwaka 2011 eneo zima la uwanda huu na milima ya Cévennes liliingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia, na sababu iliyotajwa ni ufugaji. Sio kasri wala kanisa. Wachungaji na njia za mifugo yao.

Sasa, huko juu kuna maziwa. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

Nyundo_ya_Mbao

Kwamba malisho ya kondoo ni urithi wa dunia? Huku mfugaji anafukuzwa na virungu.

MsafiriKafiri

😂 Subiri, huko pia walitaka kuwafukuza, tena kwa jeshi. Nitafika.

Unatoka A75 pale La Cavalerie, unashika barabara ya kwenda Saint-Affrique, na uwanda unaishia ghafla kwenye majabali. Unashuka kona kwa kona mpaka bondeni. Mbele yako kuna kilima kimejitenga na uwanda mkubwa, kama kipande cha mkate kilichokatwa kikasogezwa pembeni. Kinaitwa Combalou.

Hapa ndipo penye habari yenyewe. Combalou juu ni tabaka nene la chokaa. Chini ya chokaa ni udongo wa mfinyanzi. Maji yanapita kwenye chokaa, yakifika kwenye mfinyanzi yanakwama, mfinyanzi unalainika, unakuwa kama sabuni. Siku ikafika, zamani kabla mtu hajajua kuandika, ukingo wa kaskazini wa kile kilima ukateleza ukaporomoka. Majabali makubwa kama nyumba za ghorofa yakaanguka moja juu ya jingine, yakaacha katikati yake mapengo, nyufa na mapango.

Mahali pengine popote watu wangepakimbia. Hawa wakaenda kujenga juu ya kile kifusi. Kijiji kizima kimegandamana na jabali, nyumba za mawe zimebananishwa mtaa mmoja mrefu, mgongo kwenye mwamba. Jina lenyewe kwa Kioksitani, lugha ya wenyeji, ni "jabali imara". Nikacheka kidogo, maana jabali lilishaanguka.

Na kimegeukia kaskazini, kwa hiyo jua ni la kuvizia. Mzuri wa sura sio, nisiwadanganye. Ukitaka vijiji vya kupigia picha nenda Conques au La Couvertoirade. Roquefort ni kama bandari: malori, milango mikubwa, harufu.

DaktariMifugo

Mleta uzi unaeleza vizuri jiolojia kwa mtu wa saladi. Swali: upepo wa kwenye kichwa cha habari unatoka wapi?

MsafiriKafiri

Asante daktari, nilikuwa nakuja huko.

Zile nyufa katikati ya majabali zinaitwa fleurine, neno linatokana na Kioksitani, kupuliza. Zinapanda kutoka kwenye mapango chini mpaka juu mlimani, nyingine ni ndefu sana. Ndani ya mwamba ni baridi na unyevu mwaka mzima. Wakati wa kiangazi hewa iliyoko humo ni nzito kuliko ya nje, inateremka na kutokea chini mapangoni. Majira ya baridi inageuka: hewa ya ndani ndiyo yenye joto kidogo, inapanda, na ile ya nje inavutwa. Mlima unapumua, kwa lugha rahisi. Matokeo yake mapango yanakaa kwenye nyuzi kama 8 hadi 12, unyevu karibu asilimia 95, iwe Januari iwe Agosti.

Sisi tulienda na jua la kuchoma. Mlangoni wakatuambia tuvae masweta, mwenzangu akajifanya mbishi. Dakika kumi tu meno yanagongana. Mwongozaji akatupeleka kwenye ufa wa kuingia kiganja, akasema weka mkono. Nikaweka. Sio upepo wa kusukuma, ni kama mtu anakupulizia mdomo ukiwa umeufungua nusu. Baridi, una harufu ya jiwe bichi na uyoga. Ukutani pembeni ya ule ufa kulikuwa na mlango mdogo wa mbao, kama dirisha la kuku. Ndio rimoti yao. Pango likikauka wanafungua, likipoa kupita kiasi wanafunga. Karne na karne mtaalamu wa pango kazi yake ilikuwa kujua mlango upi ufunguliwe saa ngapi.

Na kitu kingine ambacho kutoka barabarani hukioni: mapango yamejengewa sakafu, ghorofa chini ya ghorofa, mengine yana ngazi kumi na moja kwenda chini. Nyumba unayoiona nje ni kofia tu. Ukanda wote wenye mapango hayo ni kama kilomita 2 kwa urefu na mita 300 kwa upana. Ndiyo yote. Jibini yote ya jina hilo duniani inapita kwenye kaukanda hako.

binti_tandale

Kwa hiyo wanaiweka humo ioze?

MsafiriKafiri

Dada, tuna neno letu zuri kuliko la Wafaransa. Wanaivundika. Kama ndizi.

binti_tandale

Kuvundika na kuvunda ni ndugu wa tumbo moja ujue 😂😂

MsafiriKafiri

Kabisa, na mstari kati yao ndiyo siri ya kijiji chote.

Nawapa kwa kifupi, maana niliahidi sio uzi wa mapishi. Maziwa ni ya kondoo, tena ya aina moja tu inayoitwa Lacaune, na hayachemshwi. Ukungu unaoleta ile bluu unaitwa *Penicillium roqueforti*, umepewa jina la kijiji. Kienyeji waliupata kwa kuoka mikate mikubwa ya rai, nafaka fulani ya nchi za baridi iliyo jamaa ya ngano, wakiunguza ganda kwa makusudi, halafu wanaiacha pangoni mpaka ndani yake inageuka unga wa kijani. Unga huo ndio unaoingizwa kwenye maziwa. Lita kama 12 za maziwa zinatoa jibini moja ya karibu kilo 2 na nusu au tatu.

Jibini ikiwa bado nyeupe inapakwa chumvi na kutobolewa kwa sindano ndefu, kwa sababu ukungu huo bila hewa hauoti. Kila mshipa wa bluu unaoufuata kwa jicho ukikata kwa waya, mara nyingi ni njia ya sindano. Mimi nilikata jibini hiyo miaka bila kujua hilo. Sasa kila asubuhi nayatafuta matundu. Inapangwa kwenye mbao za mwaloni humo pangoni bila kufunikwa, siku zisizopungua 14. Ikishaota inavyotakiwa inazungushiwa foili kuubana ukungu usiendelee, na inakaa kwenye ubaridi. Kabla ya siku 90 tangu ianze kutengenezwa hairuhusiwi kuuzwa.

DaktariMifugo

Maziwa mabichi ya kondoo, hayajachemshwa. Mimi kitaaluma naanza kuona brusela, ule ugonjwa wa mifugo unaompata mtu kwa kunywa maziwa mabichi.

MsafiriKafiri

Uko sahihi kuogopa. Ndio maana kule wanapima maziwa ya kila shamba, na mfugaji akikutwa na tatizo anasimamishwa. Na wajawazito wanashauriwa waache jibini za maziwa mabichi. Jikoni kwetu tumebandika tangazo.

Nyundo_ya_Mbao

Hiyo penicillium ndiyo ile penisilini ya sindano?

MsafiriKafiri

Ukoo mmoja, mtu tofauti. Dawa ilitoka kwa ndugu yake mwingine. Usije ukala jibini ukasema umejitibu kifua.

ShangaziMkuu

Mwanangu umesimulia wanaume na milima. Kazi ya kugeuza na kupaka chumvi humo kwenye baridi nani aliifanya?

MsafiriKafiri

Shikamoo shangazi. Umeshika penyewe.

Wanawake. Waliitwa cabanière, kwa sababu mapango kienyeji waliyaita vibanda. Walitoka kijijini na vijiji vya jirani, wengine wasichana wadogo, wanafanya msimu. Wamevaa viatu vya mbao, sketi nzito, vitambaa kichwani, na kazi yao ilikuwa kusugua chumvi, kukwangua ute juu ya jibini kwa kisu, kutoboa, kugeuza, baadaye kufunga foili. Saa nyingi wamesimama kwenye baridi ya friji, kwa mwanga wa taa. Ndani kule wametundika picha zao za zamani. Mikono ndiyo iliyonikamata, imevimba vidole, kama ya mama anayeuza samaki wa barafu. Wakati wa kutoka duka limejaa fulana na vikombe vyenye nembo, lakini vitambaa vya kichwa vya wale mabinti havimo.

ShangaziMkuu

Marahaba. Endelea sasa.

MsafiriKafiri

Tuje kwenye historia. Kuna hadithi ambayo kila mtu atakupa: mchungaji alikuwa anakula mkate na jibini pangoni, akaona binti mzuri anapita, akaacha chakula akamfuata. Akarudi baada ya siku nyingi, binti hakumpata, jibini imeota ukungu, njaa inamuuma, akala. Ikawa tamu.

Nyundo_ya_Mbao

Chai ya rangi hiyo.

MsafiriKafiri

Chai na andazi. Hata Wafaransa wanajua. Watasema pia kwamba mwandishi wa Roma, Pliny, aliisifia karne ya kwanza. Pliny alisifia jibini za sehemu hizi za Gaul, yaani Ufaransa ya enzi hizo, zilizofika Roma kupitia Nîmes, lakini ukungu wa bluu hakuutaja, wala Combalou. Mimi hapo sitii mkono.

Mambo yanakuwa ya maandishi mwaka 1411. Mfalme Charles VI anawapa watu wa Roquefort hati: kuvundika jibini hiyo ni haki yao katika mapango yao. Fikiria hali ya Ufaransa wakati huo. Vita na Waingereza imeshaivuruga nchi vizazi viwili, mfalme mwenyewe anapatwa na wazimu wa mara kwa mara mpaka anadhani mwili wake ni wa kioo, na ndugu zake wanauana kugombea madaraka. Katikati ya hayo kuna mtu wa kijijini amepeleka ombi la mapango, na limepita!

Ikaja 1666. Wafanyabiashara walikuwa wanachukua jibini za vijiji vingine wanaziuza kwa jina la Roquefort. Kesi ikafika Parlement ya Toulouse. Jina lisikuchanganye, halikuwa bunge, ilikuwa mahakama kuu ya mfalme kwa upande wa kusini. Ikatoa amri kwamba anayeuza jibini ya uongo kwa jina hilo aadhibiwe. Miaka zaidi ya 350 iliyopita watu wanashtakiana kwa jina la jibini.

Karne ya 19 biashara ikapanuka. Mwaka 1842 baadhi ya wenye mapango wakaungana, na kampuni iliyozaliwa hapo ikaja kuwa kubwa kuliko zote na iko mpaka leo. Reli ikafika Tournemire, kijiji jirani. Maziwa ya Larzac yakawa hayatoshi, kwa hiyo kuelekea mwisho wa karne hiyo wakaanza kujenga vituo vya maziwa mbali, milima ya Pyrenees na mpaka kisiwa cha Corsica. Jibini nyeupe ya Corsica ikawa inapanda meli, inashuka bara, inapanda treni, inaingizwa Combalou ikavundikwe, inatoka imeshakuwa Roquefort.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu, na ndicho hasa kilichonifanya nifungue uzi. Maziwa ni ya watu wa juu. Jina ni la watu wa chini. Mwenye kondoo mia anayeamka saa kumi usiku yuko kwenye uwanda na upepo wake wa kawaida. Mwenye ufa ukutani ndiye anayeuza jibini. Kijiji cha watu wachache kilishika shingo ya nchi nzima ya wafugaji kwa sababu mlima uliporomokea upande wake.

Nyundo_ya_Mbao

Daah. Kama dalali wa Kariakoo na mkulima wa Mbarali.

MsafiriKafiri

Tofauti ni kwamba dalali unaweza kumkwepa, mlima huwezi.

Sheria ya tarehe 26 Julai 1925 ikaweka mipaka: maziwa ya kondoo tu, yavundikwe pale tu. Ilikuwa jibini ya kwanza Ufaransa kulindiwa jina la asili kwa sheria. Mwaka 1930 wafugaji na wenye mapango wakaunda shirikisho la pamoja, wakae meza moja kupanga bei ya maziwa badala ya kutunishiana misuli kila msimu. Halafu 1961 mahakama ya Millau, mji wa jirani, ikakata mzizi: namna ya kutengeneza jibini hiyo waweza kuifuata popote kusini, lakini jina ni la ile tu iliyovundikwa kwenye mapango ya asili ya Combalou. Tangu 1996 Umoja wa Ulaya nao unalilinda. Leo wenye ruhusa ya kuvundika humo ni kampuni saba tu.

MzalendoKyela

Nimesoma kimya kimya tangu mwanzo. Mimi ni wa Kyela. Kila gunia la mchele Dar limeandikwa Kyela, hata ulioshuka jana kwenye lori kutoka kusikojulikana. Nani ametuandikia hati?

MsafiriKafiri

Mkuu umenigusa. Ila ona ilivyowachukua wao: kutoka hati ya mfalme mpaka sheria ya bunge ni miaka 514. Na kati ya hapo ni kwenda mahakamani, kurudi, kwenda tena.

MzalendoKyela

Basi nianze leo ili wajukuu wa wajukuu wafaidi 😂

MsafiriKafiri

Nimetoka zamu, tumalizie. Niliahidi jeshi.

Pale La Cavalerie, juu kwenye uwanda, kuna kambi ya jeshi tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1971 waziri wa ulinzi, Michel Debré, akatangaza kambi itapanuliwa kutoka hekta kama 3,000 hadi 17,000. Mashamba ya wafugaji mia moja na kitu yaliwe. Wakubwa wa Paris waliona pale ni mawe na wazee wachache. Hawakuhesabu kwamba kila asubuhi gari la maziwa linapita kwenye hayo mawe kukusanya maziwa ya Roquefort.

Machi 1972 wafugaji 103 wakaapa kwa maandishi hawauzi ardhi. Oktoba mwaka huohuo wakapeleka kondoo 60 Paris, wakawaachia walishe chini ya mnara wa Eiffel. Polisi wanafukuza kondoo kwenye bustani za mji mkuu, waandishi wanapiga picha. Pale La Blaquière wakajenga zizi kubwa la mawe bila kibali katikati ya eneo lililotakiwa na jeshi, watu wa kujitolea wakatoka kila kona kubeba mawe. Wakaburuzana miaka kumi, mpaka 1981 François Mitterrand alipoingia madarakani akafuta mpango. Kambi ikabaki saizi yake. Na tangu 2016 anayekaa humo ni kikosi cha 13 cha Jeshi la Kigeni, lile la Ufaransa linaloandikisha askari kutoka nchi nyingine, kile kilichokaa Djibouti kuanzia 1962 hadi 2011, kikapelekwa Abu Dhabi, kikaishia huku kwenye kondoo. Tulipita getini, askari wawili wako kwenye mkahawa wa mbele wanakula aiskrimu.

Mmoja wa waliohamia Larzac wakati wa yale mapambano ni José Bové, akawa mfugaji wa kondoo na maziwa yake yakienda Roquefort. Tangu miaka ya 1980 Ulaya ilikuwa imekataa nyama ya ng'ombe wa Marekani waliopewa homoni, na haikutaka kulegeza. Mwaka 1999 Marekani ikajibu kwa ushuru wa asilimia 100 kwenye bidhaa kadhaa za Ulaya, Roquefort ikiwemo. Sasa wewe mfugaji wa Aveyron, homoni za Texas zinakuhusu nini? Tarehe 12 Agosti 1999 Bové na wenzake wakaenda Millau kulikokuwa kunajengwa mgahawa wa McDonald's, wakaufungua vipande vipande mchana kweupe, wengine na watoto wao. Akawekwa ndani wiki kadhaa. Mwaka uliofuata kesi yake iliposikilizwa Millau, makumi ya maelfu ya watu wakamiminika. Januari 2009, serikali ya Bush ikiwa inafungasha virago, ikatangaza kupandisha ushuru wa Roquefort hadi asilimia 300. Mwezi Mei wakapatana na haukutumika.

Mwenzangu mwenye gari, ambaye ni mtu wa Lyon na hapendi siasa, alisema tu: ule mgahawa wa Millau ulimaliziwa kujengwa na upo mpaka leo. Ni kweli. Tulipita pale tukanunua chipsi.

DaktariMifugo

Hahaha. Na ile barabara ya juu kwa juu ya Millau uliiona?

MsafiriKafiri

Daraja. Tulilivuka kwa makusudi, sio njia yetu. Lilifunguliwa Desemba 2004, urefu kama kilomita 2 na nusu, kilele chake kinazidi mita 300 kutoka bondeni. Asubuhi mawingu yanapita chini yako. Ni zuri, lakini kwa kweli siku ile kichwa changu kilikuwa bado kwenye kale kadirisha ka kuku ukutani.

binti_tandale

Swali la mwisho nikalale. Wewe mwenyewe unaila?

MsafiriKafiri

Naila, na asali kidogo na zabibu. Ilinichukua mwaka mzima.

Nilinunua robo kule kijijini nikaileta nyumbani, nimeifunga foili, mfuko, na gazeti juu. Mke wangu kafungua friji asubuhi, kanitumia ujumbe wa sauti nikiwa kazini, sekunde arobaini, sitauweka hapa. Niliporudi nikaikuta nje ya dirisha la jiko, ghorofa ya nne, imening'inizwa kwa kamba kwenye mfuko wa rambo. Upepo unaipuliza vizuri tu.